Muulize Sista: Niliacha omena, nikabaki na soda

Salamu nyingi, Sista. Mimi ni msomaji wenu kutoka Nyalenda hapa Kisumu. Nina miaka 32, mimba yangu ni ya pili na iko wiki ya 20. Nilipoanza kliniki wiki ya 12 nilikuwa nalalamika vidole vya mguu, nikapimwa vitu vingi, asidi ya yuriki ikiwemo. Ilitoka 5.9. Karatasi yenyewe inasema kawaida ya mwanamke ni 2.4 hadi 6.0, nikafurahi. Daktari alipoiangalia akasema kwa mimba changa iko juu, na kwamba mama wa namna hiyo anaweza kupata kisukari cha ujauzito. Tangu siku hiyo usingizi umenihama. Jirani akaniambia asidi inaletwa na omena, samaki, nyama na maharagwe, niache vyote. Nimeviacha wiki 8 sasa. Asubuhi nakunywa uji wa wimbi wenye sukari, mchana wali au chapati na mchuzi wa viazi, na soda moja kwa siku ndiyo inayonituliza kichefuchefu. Mama yangu mzazi ana kisukari. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 4.2. Siku hizi nikipanda ngazi natweta. Je, asidi hii ndiyo itakayonipa kisukari? Nifanye nini ishuke?
Mwenye Hofu, Nyalenda

Salamu zimefika, mdogo wangu. Kabla ya mengine yote, leo jioni kula omena. Pitia soko la Kibuye ununue kikombe kimoja, si lazima gorogoro nzima, uioshe kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke, uichemshe, kisha uikaange kwa mafuta kidogo na nyanya na kitunguu. Soda ndiyo uiache. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara roho iliniuma palepale: umekiondoa chakula kilichokuwa kinakujenga wewe na mtoto, na kile cha kukuletea sukari umekiacha mezani.

Nianze na ile karatasi. Daktari wako aliisoma vizuri. Asidi ya yuriki ni taka inayobaki mwili ukivunja purini, na purini zimo katika kila chembe hai, za mwili wako na za chakula chako. Sehemu kubwa ya taka hiyo hutolewa na figo. Mwanamke akishika mimba, damu inayopita kwenye figo huongezeka sana na figo husafisha kwa kasi, basi asidi hushuka kwa robo hadi theluthi katika miezi ya mwanzo. Baadaye, kadiri siku za kujifungua zinavyokaribia, hupanda tena pole pole hadi karibu na pale ilipokuwa kabla ya mimba. Vile viwango vilivyochapishwa pembeni, 2.4 hadi 6.0, ni vya mwanamke asiye na mimba. 5.9 kwa mama wa wiki ya 38 isingenishtua sana kama presha yake ni nzuri. Kwa mama wa wiki ya 12 ni juu. Kwa hiyo wiki ya mimba iandikwe kando ya namba, ama sivyo namba hiyo haisemi kitu. Ukibadilisha maabara, angalia pia kipimo kinachotumika. Yako iko kwa miligramu. Wengine huandika kwa maikromoli, na hiyo 5.9 yako itaonekana kama 350. Nimewahi kumkuta mama akilia kwenye benchi akidhani asidi yake imepanda mara sitini kwa mwezi mmoja.

Sasa hofu yako yenyewe. Ni kweli kwamba asidi ya juu mwanzoni mwa mimba na kisukari cha ujauzito huonekana pamoja. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wajawazito zaidi ya 1,500 waliopimwa asidi ya yuriki katika wiki za mwanzo. Waliokuwa katika robo ya juu kabisa, yaani kuanzia kama 3.6 kwenda juu, walipata kisukari cha ujauzito zaidi ya mara tatu kuliko wale wa chini. Daktari wako hakukutisha bure. Lakini katika utafiti huohuo, zaidi kidogo ya nusu ya waliopata kisukari hawakuwa kwenye hiyo robo ya juu. Mama anaweza kuwa na asidi nzuri kabisa na bado sukari ikampanda, na mwingine akawa na asidi kama yako na sukari isimguse. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu si mvua.

Kinachotokea ni hiki. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazofanya insulini ya mama isifanye kazi vizuri, ili sukari ibaki kwenye damu mtoto apate chakula. Mama ambaye kongosho lake lina nguvu huongeza insulini na mambo hukaa sawa. Asiyeweza kuongeza vya kutosha, sukari humpanda, na hiyo huonekana zaidi kuanzia miezi sita hivi. Insulini isiposikika mwilini, figo nazo huanza kushikilia asidi ya yuriki badala ya kuitoa. Kwa hiyo mara nyingi asidi ya juu ni habari kwamba mwili wako ulikuwa tayari unasumbuana na insulini kabla mimba haijakua. Yawezekana asidi yenyewe inaongeza shida kidogo kwa kuifanya mishipa ya damu isitanuke vizuri. Hata hivyo hatumpi mjamzito dawa ya kushusha asidi ili asipate kisukari. Tunampima sukari.

Na soda? Sukari ya mezani na ya soda nusu yake ni fruktosi. Ini likivunja fruktosi nyingi kwa mpigo, taka inayotoka ni hiyohiyo asidi ya yuriki. Chupa ya soda ya nusu lita ina karibu gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai. Ndiyo maana nimesema kula omena. Kweli omena ina purini, sikufichi, lakini mkono mmoja wa omena mara mbili au tatu kwa wiki unakupa protini, chuma na chokaa ya ile mifupa unayotafuna, ilhali soda inapandisha asidi na sukari pamoja na haikupi chochote. Maharagwe na ndengu rudisha hata kesho. Purini za mimea hazina madhara kama ya maini na matumbo, na hivyo viwili ndivyo ningekuambia ule kidogo tu.

Kisukari cha ujauzito hakitambuliki kwa macho wala kwa kiu. Hakitambuliki kwa mkojo pia. Figo za mjamzito huachilia sukari kidogo hata kwa mama mzima, na kuna wenye kisukari ambao kijiti cha mkojo hakigeuki rangi. Kipimo chenyewe ni cha kunywa glukosi, na kwa kawaida hufanywa wiki ya 24 hadi 28. Wewe usingoje. Mama mwenye kisukari, mtoto wa kwanza zaidi ya kilo 4, na sasa hii asidi: ulistahili kupimwa sukari ya damu siku ya kwanza ya kliniki. Nenda wiki hii. Ikitoka nzuri, urudie wiki ya 24 hadi 28, kwa sababu homoni za kondo zitakuwa zimeongezeka.

Siku ya kipimo usile kitu kuanzia usiku, saa 8 zisipungue. Maji matupu yanaruhusiwa. Utatolewa damu, kisha utapewa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji, uzimalize ndani ya dakika 5. Ni tamu hadi inakwaruza koo. Ukizinywa kwa haraka sana zitarudi, na ukitapika kipimo kimeharibika, mwambie wa maabara asiendelee. Halafu ukae. Usiende sokoni, usitembee huku na huku. Damu hutolewa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Namba za kushika, kwa milimoli kwa lita, ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, na 8.5 baada ya saa mbili. Hata moja tu ikifika au kupita hapo, ni kisukari cha ujauzito. Kuna kina mama wanaoambiwa "imepita kidogo tu, usijali", wakaenda nyumbani. Mimi hilo silikubali. Beba chakula chako cha mchana kwenye mkebe, maana ukitoka hapo utakuwa na njaa ya kutetemeka.

Ikitoka kwamba unacho, wengi hukimudu kwa chakula na kutembea. Sahani yako igawanye kwa macho: nusu iwe mboga, osuga, dek, mrenda, sukuma, chochote cha kijani, robo iwe samaki, yai, ndengu au nyama, robo inayobaki ndiyo ya ugali, tonge la ukubwa wa ngumi yako. Hapa Kisumu watu wengi wanaamini ugali wa mtama na uji wa wimbi havina sukari. Vina wanga kama mahindi, ingawa hupanda polepole zaidi kama unga haukukobolewa. Uji wako wa kikombe kikubwa chenye vijiko vinne vya sukari ni sawa na soda ya asubuhi. Unywe nusu kikombe, mzito, bila sukari, na yai la kuchemsha pembeni. Viazi vitamu na nduma ule kipande kimoja, na usichanganye na chapati. Embe kula moja dogo, usilisage juisi. Kichefuchefu kitulize kwa kula kidogo kidogo na tangawizi kwenye chai isiyo na sukari. Ukimaliza kula, tembea dakika 15, hata kuzunguka ploti.

Utakuwa unajidunga kidole na kuandika. Tunataka asubuhi kabla ya kula isifike 5.3, saa moja baada ya kula isifike 7.8. Isiposhuka kwa chakula katika wiki moja au mbili, kuna metformini na kuna insulini. Nakuomba usiikimbie insulini. Haivuki kondo kwenda kumdhuru mtoto, na si alama kwamba umeshindwa. Sukari ndiyo inayovuka. Mtoto akipokea nyingi hutengeneza insulini yake nyingi, akanenepa mabega na tumbo, akakwama wakati wa kuzaliwa, na kitovu kikikatwa sukari yake ikaporomoka.

Kuhusu kutweta: mama wa wiki 20 ambaye hajala nyama, samaki wala maharagwe kwa miezi miwili, mimi ningepima damu kwanza. Uliza kiwango chako cha himoglobini, na vidonge vya chuma unavyopewa kliniki uvinywe mbali na chai. Kama unatafuna odowa, ule udongo mgumu wa sokoni, usione haya kusema. Wengi wanaokuja na damu ya 8 wana kipande mkobani. Vile vidole vya mguu sidhani ni gauti, yale maumivu ya viungo yanayoletwa na asidi ya yuriki, ni nadra sana kwa mwanamke wa umri wako. Badilisha viatu kwanza.

Niandikie matokeo.

*

Sista, mke wangu ana mimba ya wiki 33. Tuko Kakamega. Alipimwa akakutwa na asidi ya yuriki 7.1 na presha 150 kwa 95. Uso umevimba, anasema kichwa kinamgonga. Alikopimiwa aliambiwa arudi baada ya wiki mbili. Mimi nina gauti na nina vidonge vyangu vya kushusha asidi. Naweza kumpa kimoja kila jioni?
Baba wa Watatu

Ndugu yangu, ulikuwa umeandika namba yako nyuma ya bahasha, na tulizungumza siku ileile. Nalijibu hapa kwa ajili ya wengine walio na hali kama hiyo nyumbani.

Usimpe. Hapa shida si asidi. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20, pamoja na maumivu ya kichwa na uso kuvimba, ni hali ambayo ikiachwa inaweza kuleta kifafa cha mimba. Asidi hupanda kwa sababu figo zimeanza kuathirika. Kuishusha kwa kidonge chako ni kufuta namba tu, ugonjwa unabaki. Wiki mbili ni nyingi mno, hata siku mbili ni nyingi. Mama kama huyo apelekwe leo kwenye hospitali yenye daktari wa uzazi na chumba cha upasuaji. Akiona giza au vimulimuli, au akiumwa chini ya mbavu upande wa kulia, hata kama ni usiku wa manane, tafuta gari. Kule atapimwa mkojo kama una protini, atapewa dawa ya presha, na ikihitajika sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa. Beba kitabu chake cha kliniki.

*

Habari ya kazi, Sista. Niko Nakuru, Kaptembwa. Nilikuwa na kisukari cha mimba, nikadungwa insulini miezi miwili. Nilijifungua salama, mtoto kilo 3.6, na sukari yangu ikarudi chini siku hiyohiyo, sindano zikasimamishwa. Mtoto sasa ana wiki 4. Mama mkwe anasema nimepona, niache kujichosha na maneno ya hospitali. Je, nimepona? Na ile asidi iliyokuwa juu, nipime tena?
Mama Mchanga

Hongera sana, mama. Asidi iache, haina kazi kwako sasa. Sukari ndiyo tuongee.

Kondo likitoka, zile homoni hutoka nalo, na kwa wengi sukari hushuka siku hiyohiyo kama yako. Mama mkwe ameona kweli. Ila mwili ulioshindwa kubeba mzigo wa mimba umekuonyesha palipo na udhaifu, na wanawake wengi waliopitia hapo hupata kisukari cha kudumu katika miaka inayofuata. Mimi ni mmoja wao.

Mwaka 2004 nilikuwa muuguzi hukohuko Nakuru, na mimba ya tatu. Sikupimwa kwa glukosi. Nilipimwa mkojo, kijiti kikabaki rangi yake, nikaandikiwa kwamba niko sawa, na mimi mwenyewe niliyekuwa nawapima wengine nikaamini. Mwanangu alitoka na kilo 4.7. Kichwa kilitoka, mabega yakakataa. Wenzangu wawili walinikunja magoti hadi kifuani na wa tatu akabonyeza juu ya mfupa wa kinena. Nakumbuka jasho lake likinidondokea pajani. Alipotoka alilia, nikashukuru. Saa moja baadaye nilimweka kwenye titi hakushika. Mkono wake niliuinua ukaanguka kama kitambaa. Sukari yake ilikuwa 1.4. Alitiwa dripu, nikamkamulia maziwa ya kwanza kwa kijiko, na jioni akafumbua macho. Leo ana nguvu zake na ananizidi urefu.

Baada ya hapo hakuna aliyenipima, nami sikuuliza. Nilikuwa na watoto watatu na zamu za usiku. Miaka tisa ilipita. Mwaka 2013, nikiwa nimeshahamia Kisumu, usiku mmoja nilishindwa kusoma namba kwenye bomba la sindano, nikadhani ni taa. Nilikuwa nakunywa maji lita tatu kwa zamu na kuamka mara nne nikilala. Mwenzangu akanidunga kidole kwa mchezo. 19.2. Kila asubuhi tangu hapo najidunga, na jicho langu la kushoto halijawahi kurudi kama zamani. Ningepimwa mapema ningelinda hilo jicho, na hili nakuambia nikiwa nalimaanisha kwa moyo wote.

Kwa hiyo utarudia kipimo kilekile cha kunywa gramu 75, kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua. Safari hii wanaangalia viwango vya mtu asiye na mimba: 7.0 kabla ya kunywa au 11.1 baada ya saa mbili ndicho kisukari. Ukiwa kati, chini ya hapo lakini si sawa kabisa, bado kuna nafasi kubwa ya kukizuia kwa uzito, chakula na miguu. Ukiwa sawa kabisa, pima tena kila mwaka, au angalau usipitishe mitatu, na kabla ya kushika mimba nyingine. Kunyonyesha kunakusaidia wewe pia, kwa hiyo endelea.

Mtoto wako ana chanjo ya wiki ya 6, na hutaikosa, nawajua kina mama wa Kaptembwa. Piga simu kabla uulize kama maabara yao ina glukosi siku hiyo. Asubuhi hiyo usinywe chai. Nenda na mama mkwe amshike mtoto zile saa mbili, na ukiwa pale utamnyonyesha kama kawaida, hakuharibu kipimo. Halafu muuguzi akimaliza kuandika chanjo, mfungulie kurasa za mama kwenye kitabu hichohicho, umwambie aandike na sukari yako.